Hukumu Haina Miguu: Kitambulisho, Ardhi ya Jamii na Sisi Vijana wa Kaskazini Mashariki



Ndugu zangu, dada zangu, mada niliyopewa ni ndefu: mabadiliko ya karibuni ya kisheria yanayogusa haki za jamii za asili. Najua neno "sheria" likitajwa tu, nusu yenu mnatoa simu mfukoni. Sawa. Basi nianze na maswali mawili, na kila mmoja ajijibu kimoyomoyo. La kwanza: una kitambulisho? La pili: ile ardhi wanayochunga ngamia wenu, na kile kisima alichochimba babu yenu, vimeandikwa katika daftari gani na kwa jina la nani?

Karibu kila nitakalosema leo limo ndani ya maswali hayo mawili. Karatasi ya mtu na karatasi ya ardhi. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Kwetu, si mali peke yake iliyopotea hivyo. Hata watu wamepotea: wapo, wanapumua, wanafunga ndoa, wanazika wazee wao, lakini katika kompyuta ya serikali hawapo.

Tuelewane kwanza. Hawa "jamii za asili" ni nani? Wengi wetu tukisikia neno hilo tunadhani ni watu wa mbali, wa misitu ya Amazon au Australia. Lakini fungua Katiba ya 2010, Kifungu cha 260. Pale inapoeleza maana ya jamii iliyotengwa, inataja jamii za asili zinazoishi kwa kuwinda na kukusanya matunda na asali. Halafu inataja wafugaji, wawe wa kuhamahama au waliotulia sehemu moja, ambao kwa sababu ya kuishi mbali wameshiriki kidogo sana katika mambo ya nchi. Huyo mfugaji ni nani kama si mjomba wako wa Fafi, au nyanya yako wa Balambala? Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu nayo inawahesabu wafugaji miongoni mwa jamii za asili za bara hili.

Ni kweli kwamba mwaka 2007 Umoja wa Mataifa ulipopigia kura Azimio la Haki za Watu wa Asili, Kenya haikupiga kura ya ndiyo wala ya hapana. Ilijizuia. Lakini miaka mitatu baadaye wananchi wenyewe waliandika katika Katiba yao yale ambayo serikali ilisita kuyasema kule New York. Kwa hiyo usikubali mtu akwambie kwamba haya ni mambo ya wazungu. Yamo katika Katiba ambayo kila kiongozi wako ameapa kuilinda.

Sasa, kwa nini sisi ndio tunaoulizwa kila mara, "wewe ni Mkenya kweli?" Swali hili halikuanza jana. Mwaka 1934 serikali ya kikoloni ilipitisha sheria ya wilaya maalum, na eneo letu likatawaliwa kama zizi: kuingia kwa ruhusa, kutoka kwa ruhusa. Uhuru ulipokuja Desemba 1963, wengine walipata bendera, sisi tukapata bendera na hali ya hatari pamoja, na hali hiyo ilidumu hadi 1991. Kabla haijaondolewa, mwaka 1989, Wasomali wa Kenya walipangishwa foleni wapigwe msasa upya, na waliopita wakapewa kadi ya rangi ya waridi waitembeze pamoja na kitambulisho. Yaani kitambulisho cha kuthibitisha kitambulisho! Jirani yake wa kabila jingine alitembea na kipande kimoja tu.

Sikumbushi haya ili mtu alie. Nayakumbusha ili ujue kwamba ukiulizwa pale ofisini "leta karatasi za babu yako", anayekuuliza anatumia mazoea yaliyomtangulia kuzaliwa. Katiba yenyewe hairudi nyuma hivyo. Kifungu cha 14 kinasema wewe ni raia wa kuzaliwa ikiwa siku uliyozaliwa mama yako au baba yako alikuwa raia. Mama AU baba. Na Kifungu cha 12 kinasema raia ana haki ya kupata pasipoti na hati yoyote ya usajili ambayo serikali hutoa kwa raia. Katiba imeiita haki. Haikuiita zawadi ya uchaguzi wala fadhila ya afisa.

Tuje sasa kwenye karatasi ya kwanza, kitambulisho.

Mnajua kambi za Dadaab zilivyofunguliwa kuanzia 1991: Ifo, Dagahaley, Hagadera. Ndugu zetu walikimbia vita Somalia, wakapokewa kwenye ardhi yetu, na hilo ni jambo la kujivunia. Lakini tazama hali ya mwenyeji wa Dadaab au Fafi mwaka wa ukame. Mifugo imekufa. Shule ya serikali iko mbali na zahanati haina dawa. Ndani ya ua wa kambi, hatua chache kutoka nyumbani kwake, kuna mgao wa unga na mafuta, kuna daktari, kuna darasa. Mama anamshika mtoto mkono, anamwandikisha, anapata kadi ya mgao, watoto wanakula. Nani kati yetu angemlaumu?

Miaka inapita. Mtoto anafikisha miaka 18, anakwenda kuomba kitambulisho, anaweka kidole kwenye mashine, na mashine inasema: huyu ni mkimbizi. Baba yake ana kitambulisho cha Kenya. Kaka yake mkubwa, aliyezaliwa mwaka wa mvua, anacho pia. Yeye tu, kwa sababu alikuwa mtoto mwaka wa njaa, amekuwa mgeni katika nchi yake. Bila kitambulisho hawezi kusajili laini ya simu kwa jina lake, kufungua akaunti benki, wala kuajiriwa kihalali. Hawezi kupiga kura. Na kwenda Nairobi kwa basi ni mtihani katika kila kizuizi cha polisi kuanzia daraja la Tana. Inakadiriwa kwamba watu waliokwama hivyo ni zaidi ya 40,000.

Mwaka 2021, shirika la Haki na Sheria la hapa Garissa pamoja na vijana walioathirika walikwenda Mahakama Kuu ya Garissa. Kesi ikachukua miaka. Januari 2025 hukumu ikatolewa: kumnyima Mkenya kitambulisho kwa sababu alama za vidole vyake zimo katika orodha ya wakimbizi ni kuvunja haki zake, na serikali ina wajibu wa kumtoa katika orodha hiyo na kumpa hati yake. Tafakari jambo hili. Vijana wasiokuwa na hata kipande cha kuonyesha mlangoni waliishtaki serikali, na mahakama ikakubaliana nao.

Siku chache baadaye, tarehe 5 Februari 2025, Rais William Ruto akiwa Wajir alitia saini tamko la kuondoa ule upigaji msasa maalum kwa wanaoomba vitambulisho katika kaunti za mpakani. Utaratibu, akasema, uwe ule ule wa sehemu nyingine za nchi. Lilikuwa jambo kubwa, hasa kusemwa Wajir, mji ambao kila Februari unakumbuka mauaji ya Wagalla ya 1984. Wazee waliokuwapo wana haki ya kufurahi.

Lakini sisi vijana tusiishie kupiga makofi. Tamko si sheria iliyopitishwa na Bunge. Kilichoandikwa kwa kalamu ya rais mmoja kinaweza kufutwa kwa kalamu ya rais mwingine, na tayari kuna waliokimbilia mahakamani kulipinga tamko hilo. Hofu zao tuzisikilize, maana usalama wa mpaka ni wetu sisi kwanza: sisi ndio tuliozika watoto 2015 pale Chuo Kikuu cha Garissa. Lakini jibu la hofu ni ofisi safi isiyochukua hongo. Aliyenunua kitambulisho kwa pesa hakuwahi kuzuiwa na kamati ya msasa. Aliyezuiwa ni mtoto wa maskini asiye na cha kutoa. Kwa hiyo tunachotakiwa kudai ni sheria iliyoandikwa, inayosema wazi ni hati zipi zinahitajika, kwa siku ngapi, na ukikataliwa unakata rufaa wapi. Sheria hiyo iwe moja kwa kijana wa Nyeri na kijana wa Hulugho.

Hapo nafunga ukurasa wa kwanza. Tugeukie karatasi ya pili, ya ardhi.

Ardhi yetu kubwa kaskazini si ya mtu mmoja mmoja. Ni ya jamii, na Kifungu cha 63 cha Katiba kinailinda. Mwaka 2016 Bunge likapitisha Sheria ya Ardhi ya Jamii ili jamii ziweze kusajiliwa na kupewa hati kwa jina lao. Na kabla jamii haijasajiliwa? Sheria inasema serikali ya kaunti inashika ardhi hiyo kama amana tu. Kaunti si mwenyewe. Hairuhusiwi kuiuza, kuigawa au kuigeuza mali ya mtu binafsi.

Amana mnaijua maana yake. Ukimwachia jirani mbuzi wako ukasafiri, anamlinda, na ukirudi unamchukua. Lakini ukikaa miaka bila kurudi, na hukumwambia mtu yeyote kwamba mbuzi ni wako, siku moja utamkuta amechinjwa, na jirani anakuuliza, "mbuzi gani?" Sehemu kubwa ya ardhi yetu bado iko katika hali hiyo ya mbuzi aliyeachwa kwa jirani. Sheria ina karibu miaka kumi sasa, na jamii nyingi hazijaanza hata hatua ya kwanza.

Na ardhi hii inatakiwa na wengi. Ukanda wa LAPSSET unatoka Lamu, unapita Garissa, unakwenda Isiolo. Barabara ya Isiolo, Wajir hadi Mandera inajengwa. Garissa tayari ina mtambo wa umeme wa jua wa megawati 50, uliozinduliwa Desemba 2019. Machi 2025 serikali ikazindua Mpango wa Shirika, ambao unataka kuzigeuza kambi za Dadaab na Kakuma kuwa makazi ya kudumu ambamo wakimbizi na wenyeji wataishi pamoja. Sipingi barabara, na mkimbizi si adui wa mtu. Ninachouliza ni hiki: mikataba ya ardhi hiyo ikija mezani, nani atakuwa amekaa upande wetu wa meza, na kwa karatasi gani?

Sheria imeweka masharti mazuri, kama tutayatumia. Mwekezaji akitaka ardhi ya jamii iliyosajiliwa, lazima mazungumzo yawe ya wazi na ya hiari, na mkataba upitishwe na theluthi mbili ya wanajamii wazima katika mkutano. Mkataba huo useme athari za mradi, fidia, mgao wa mapato, na jinsi ardhi itakavyorekebishwa mradi ukiisha. Na serikali ikichukua ardhi ambayo haijasajiliwa kwa ajili ya mradi wa umma, pesa za fidia hazitakiwi kuliwa na kaunti. Zinawekwa katika akaunti maalum yenye kuzaa riba, zingojee jamii ijisajili. Umesikia? Inawezekana kuna pesa ambazo ni haki ya jamii yako, na mlango wa kuzifikia ni usajili.

Tazama waliyofanya majirani zetu wa Isiolo. Mwaka 2021 wakazi zaidi ya 160 wa upande wa Merti walikwenda Mahakama ya Mazingira na Ardhi. Walisema hifadhi mbili za wanyamapori, Biliqo Bulesa na Cherab, zilianzishwa katika ardhi yao ya malisho chini ya shirika la Northern Rangelands Trust bila wao kushirikishwa ipasavyo. Januari 2025, mwezi ule ule wa hukumu ya Garissa, mahakama ikakubaliana nao: hifadhi hizo hazikuanzishwa kwa kufuata Katiba na sheria ya ardhi ya jamii. Walioshindwa wana haki yao ya kukata rufaa, na mahakama ndizo zitakazomaliza. Lakini somo limeshapatikana. Wafugaji wa kawaida, wenye ngamia na madeni ya dukani kama mimi na wewe, walishika sheria ile ile ya 2016 ambayo sisi tumeiacha kabatini.

Wala sisemi kila hifadhi ni dhuluma. Kule Ijara kuna hirola, swala ambaye karibu kila mahali duniani ametoweka, na hifadhi ya jamii ya Ishaqbini inamtunza. Jambo la kujivunia. Hoja ni kwamba awe hirola, iwe barabara, au uwe mtambo wa jua, wenye ardhi waulizwe kwanza, waelewe, na waseme ndiyo yao wakiwa huru.

Hapa nataka niseme neno ambalo huenda wengine wasilipende. Tunapolalamika kwamba tumetengwa, tuangalie pia nani ametengwa na sisi. Kusini kabisa mwa kaunti yetu, kuelekea mpaka wa Lamu, wanaishi Waaweer, ambao wengi huwaita Waboni, jina wasilolipenda wengi wao. Ni Waislamu wenzetu. Msitu ndio uliokuwa ghala lao: asali, matunda ya mwitu, mizizi, nyama. Mwaka 1976 sehemu ya msitu huo ikatangazwa Hifadhi ya Taifa ya Boni. Mwaka 1977 serikali ikapiga marufuku uwindaji nchi nzima, bila kuuliza anayewinda ili ale ataishi vipi. Tangu Septemba 2015, operesheni ya usalama ya Linda Boni ilipoanza, hata kuingia msituni kufuata mzinga wa nyuki kumekuwa jambo la hatari. Katiba inasema ardhi za mababu na ardhi zilizokaliwa tangu zamani na jamii za wawindaji ni ardhi ya jamii. Basi siku tukikaa kupanga mipaka ya Ijara na Hulugho, Mwaweer awe kwenye mkeka, si nyuma ya mlango. Haki ambayo hatumpi mdogo wetu, tutaidai kwa uso gani kwa mkubwa wetu?

Na kuna jamii nyingine ya msitu ambayo kisa chake kinatufundisha kitu kigumu zaidi. Ni Waogiek wa Mau. Tarehe 26 Mei 2017 Mahakama ya Afrika kule Arusha ilisema Kenya imevunja haki zao kwa kuwafukuza katika msitu wa mababu zao. Tarehe 23 Juni 2022 mahakama hiyo hiyo ikaamuru walipwe fidia ya zaidi ya shilingi milioni 157, na ardhi yao irudishwe kwa hati ya pamoja. Ushindi mkubwa kabisa, wa kusomwa vyuoni duniani. Halafu Novemba 2023, familia za Waogiek zikabomolewa nyumba zao tena huko Sasimwani, Narok. Hukumu ikiwapo! Hukumu haina miguu, ndugu zangu. Haitoki Arusha ikatembea mpaka Mau. Haitoki hata hapa mahakamani Garissa ikatembea mpaka kwa chifu wa Hagadera. Lazima mtu aibebe.

Na huyo mtu ni wewe. Nitakwambia jinsi ya kuibeba, hatua kwa hatua.

Kwanza, kama umekwama kwa sababu ya usajili wa wakimbizi, acha kwenda ofisini mikono mitupu. Andika barua yenye jina, tarehe na ombi lako. Chapisha nakala mbili. Moja iache kwa afisa wa usajili, ya pili ipigwe mhuri urudi nayo nyumbani. Ukikataliwa, omba sababu kwa maandishi. Kifungu cha 47 cha Katiba kinakupa haki hiyo. "Rudi wiki ijayo" si sababu. Mwenye barua kumi zenye mihuri ana kesi. Mwenye safari kumi bila karatasi ana uchovu tu.

Pili, tumia Sheria ya Kupata Habari ya 2016. Ofisi ya umma ikiulizwa habari inatakiwa kujibu ndani ya siku 21. Kikundi cha vijana watano kinaweza kuandika kwa ofisi ya ardhi ya kaunti na kuuliza mambo matatu: ni jamii ngapi zimeomba usajili katika kaunti ndogo yetu, ni sehemu gani za ardhi ya jamii zimetolewa kwa miradi, na fidia iliyolipwa iko akaunti gani. Maswali ya adabu, ya kisheria, yanayohitaji karatasi moja na kalamu.

Tatu, usajili wa jamii haumngoji mbunge. Mkutano wa wanajamii unaitishwa kwa tangazo, mnachagua jina, mnaorodhesha wanajamii, mnachagua kamati ya watu 7 hadi 15, mnaandika kanuni na kumbukumbu za mkutano, kisha mnapeleka kwa msajili. Kijana uliyesoma, kazi yako hapo ni kalamu. Wazee wanajua kila kisima na kila njia ya ngamia, lakini kumbukumbu zao zikienda nao kaburini bila kuandikwa, mahakama haitaziona. Keti na babu yako, muulize majina ya visima, nani alichimba, mwaka gani wa mvua. Andika. Chora ramani. Huo ni ushahidi.

Nne, jihadharini na mambo mawili yanayoweza kuua usajili wetu wenyewe. La kwanza ni ukoo. Ardhi ikigawanywa vipande vipande kwa ukoo na kuzungushiwa uzio, ukame ukija mifugo ya wote itakufa, maana mvua haijui mpaka wa ukoo. Sheria yenyewe inaruhusu jamii kukubaliana na wasio wanajamii kuhusu malisho. Tuyaandike makubaliano ambayo babu zetu waliyafanya kwa mdomo chini ya mti. La pili ni kuwaacha akina dada. Sheria inakataza ubaguzi kwa sababu ya jinsia au ndoa. Binti ni mwanajamii. Mjane ni mwanajamii. Orodha isiyokuwa nao ni orodha mbovu, na inaweza kupingwa kortini.

Tano, njia ya mahakama iko wazi hata kwa asiye na pesa. Kifungu cha 22 cha Katiba kinamruhusu mtu yeyote kwenda kortini kwa niaba yake, ya kundi lake au ya umma haki zikivunjwa, na hakuna ada ya kufungua kesi ya namna hiyo. Kabla ya kufika huko, wako wasaidizi wa kisheria hapa Garissa, na Tume ya Taifa ya Haki za Binadamu ina ofisi Wajir.

Na kwa wazazi vijana: ukame utarudi, tunaijua nchi yetu. Ukirudi, usimwandikishe mtoto wako kama mkimbizi. Mwandikishie cheti cha kuzaliwa mapema, akiwa bado mchanga. Na pale serikali na mashirika yanapogawa chakula, tuseme kwa sauti moja kwamba mwenyeji mwenye njaa naye ahudumiwe kwa jina lake na kwa uraia wake. Mtoto asilazimishwe kuchagua kati ya kula leo na kuwa Mkenya kesho.

Mtaniuliza, kwa nini nimeziunganisha karatasi hizi mbili, wakati wanasheria huzijadili mbalimbali? Kwa sababu zinategemeana. Mkutano wa ardhi ni wa wanajamii wazima, na mbele ya ofisi ya serikali utu uzima wako unaonekana kwa kitambulisho. Theluthi mbili za nani zitahesabiwa, kama maelfu ya vijana wa Dadaab na Fafi hawahesabiki? Kila kijana aliyenyimwa kipande ni mkono mmoja uliopungua siku ya kuamua juu ya malisho. Na jamii iliyopoteza malisho ndiyo hiyo inayolazimika, mwaka wa njaa, kupanga foleni ya mgao kambini. Mduara umejifunga hapo. Ukikata upande mmoja tu, mwingine unaurudisha.

Wahenga walisema asiyekuwapo na lake halipo. Uchaguzi mkuu ni tarehe 10 Agosti 2027. Wabunge watakaochaguliwa siku hiyo ndio watakaoamua kama lile tamko la Wajir litakuwa sheria au litabaki picha ya kumbukumbu, na magavana ndio watakaoshika amana ya ardhi ambayo haijasajiliwa. Anayeanza kufuatilia kitambulisho Julai 2027 amechelewa.

Kwa hiyo leo ukitoka hapa, usiniambie hotuba ilikuwa nzuri. Nenda nyumbani, kamtafute ndugu au jirani mmoja aliyekwama, kwa kuwa katika kila bula hakosekani. Jumatatu asubuhi fuatana naye mpaka ofisi ya usajili, mkiwa na barua yenye nakala mbili. Mkikataliwa, ombeni sababu kwa maandishi. Jumatatu nyingine, rudini.